Nabii Mfano wa Musa
Katika mihadhara ya dini, Waislamu, wakitegemea Kurani 7:157, isemayo kwamba Mtume ameandikwa katika Taurati na Injili, humwona Muhammad katika Kumbukumbu la Torati 18:18, panapoahidiwa nabii mfano wa Musa kutoka miongoni mwa “ndugu zao”, kwa kuwa Musa naye alileta sheria na kuongoza umma. Nasi Wakristo hujibu kwa 17:15 ya kitabu hicho hicho, ambapo mfalme atokaye miongoni mwa ndugu hawezi kuwa mgeni, basi ndugu wa 18:18 nao ni Waisraeli. Hoja hiyo ni madhubuti, nami naishika. Walakini haitoshi kumthibitisha Yesu, maana aliyeifasiri aya ya 18:18 kuwa yamhusu yeye ni Petro, katika Matendo 3:22, naye alinena kwa imani ya ufufuo. Mkristo mwenye insafu na alikiri hilo hadharani, mbele ya jirani yake Mwislamu.