Skwoshi ya maveterani: Umri hupangiwa kundi, moyo haupangiwi

Na Mwandishi Wetu

MCHEZO wa skwoshi utaingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles mwaka 2028, kufuatia uamuzi wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki uliopitishwa Mumbai, India, Oktoba 2023. Wengi wanaoucheza hawatafika huko. Ushindani wao uko kwingine, katika mashindano ya maveterani, ambako mtu wa miaka 35 huhesabiwa kuwa kijana.

Huo ndio umri ambao Nicol David wa Malaysia, bingwa wa dunia mara nane, aliagana na mashindano ya kulipwa mwaka 2019. Nick Matthew wa Uingereza, bingwa wa dunia mara tatu, alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 37.

Katika mashindano ya dunia ya maveterani, yaliyofanyika Wroclaw, Poland, mwaka 2022 na Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2024, wachezaji hugawanywa kwa miaka mitano mitano: 35, 40, 45 na kuendelea hadi waliovuka 70. Utaratibu huu una kichekesho chake. Mchezaji wa miaka 59 anayeshindwa kila mara na wenzake wa miaka 55 huisubiri siku yake ya kuzaliwa kwa hamu kama mtoto, maana akitimiza 60 anahamia kundi ambalo yeye ndiye mdogo.

Umri wenyewe si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Hashim Khan wa Pakistan, aliyejifunza skwoshi pekupeku katika klabu ya maofisa wa Kiingereza mjini Peshawar, alitwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1951, akikadiriwa kuwa na miaka 37. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuwahi kujulikana kwa uhakika. Aliutwaa mara saba, ya mwisho ikiwa mwaka 1958, alipokuwa amevuka 40. Naye Heather McKay wa Australia, aliyeshinda mashindano hayo mara 16 mfululizo kuanzia 1962 hadi 1977, alirudi baadaye na kuwa bingwa wa dunia wa maveterani akiwa amepita miaka 45.

Kasi inayopungua miguuni hufidiwa kwa akili. Uwanja una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4 tu. Mkongwe anayeujua mchezo hushika eneo la katikati, huupeleka mpira kwenye kona ya nyuma, kisha humwacha mpinzani akimbie.

Tatizo ni moyo. Mwaka 1986 madaktari wa Glasgow, Scotland, walichapisha uchunguzi wa vifo 60 vya ghafla vilivyohusishwa na skwoshi kati ya mwaka 1976 na 1984. Wastani wa umri wa marehemu ulikuwa miaka 46, na wote isipokuwa mmoja walikuwa wanaume. Vifo 51 vilitokana na ugonjwa wa mishipa ya damu ya moyo. Lililo zito zaidi ni kwamba 45 kati yao walikuwa wamelalamikia dalili kabla ya kufa, hasa maumivu ya kifua. Hata hivyo waliingia uwanjani.

Kwa upande mwingine, utafiti uliotolewa mwaka 2016 kuhusu zaidi ya watu 80,000 wa England na Scotland ulionyesha kuwa wanaocheza michezo ya raketi walikuwa na uwezekano wa kufa uliopungua kwa asilimia 47 kuliko wasioicheza, na kwa magonjwa ya moyo asilimia 56. Ni kweli kwamba skwoshi iliwekwa kapu moja na tenisi na vinyoya, hivyo sifa hizo si zake peke yake.

Taarifa hizi mbili hazipingani. Mchezo unaoimarisha moyo mzima ndio huo huo unaouelemea moyo ulioanza kuugua. Katika soka ya maveterani ya Jumapili, anayebanwa na kifua huomba kubadilishwa. Katika skwoshi wako wawili tu, mlango umefungwa, na anayetoka amepoteza mechi. Mchezaji wa miaka 46 wa Nairobi au Dar es Salaam, ambaye aghalabu hufika klabu jioni baada ya kukaa ofisini kutwa, hapendi kupoteza mechi kwa namna hiyo.

Waandaaji hudai tarehe ya kuzaliwa, maana bila hiyo kundi halipangiki. Swali kuhusu afya lastahili uzito ule ule. Kati ya wale 60 wa Uingereza, 22 walikuwa tayari wanajulikana kuwa na matatizo ya moyo au mishipa ya damu. Lililoongoza lilikuwa shinikizo la damu, ambalo kipimo chake huchukua dakika chache na kinapatikana katika zahanati nyingi za mijini.