Vitufe Viwili Vinavyookoa Wakati

  

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, mwaka jana, wiki moja kabla ya mitihani, sisi walimu tulikaa tangu Alasiri tukichapa mtihani wa fiqhi kwenye kompyuta ya madrasa. Magharibi ilipokaribia, umeme ulikatika. Uliporudi tulikuta ukurasa wa kwanza tu. Kurasa tatu zilipotea, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubonyeza Ctrl na S ili kusevu. Tulichapa upya hadi usiku, na darsa ya baada ya Isha haikusomeshwa. Kosa lilikuwa letu, lakini waliokosa somo ni nyinyi.

Tangu siku ile rai yetu ni hii: vitufe vya mkato vifundishwe mwanzo kabisa, kabla mtoto hajajua kupamba herufi kwa rangi.

Wapo wanaosema ni jambo dogo, sekunde mbili tatu tu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwetu wanafunzi wanne hukaa kwenye kompyuta moja kwa saa moja. Anayetafuta kila kitu kwa mausi anakula zamu ya wenzake, na zamu ya mtu ni haki yake. Katika Suratul Asr Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati. Basi tusiuone mwepesi.

Anzeni na vichache. Shika Ctrl, kisha bonyeza: S kusevu, C kunakili, X kukata, V kubandika, Z kurudisha ulichokosea, F kutafuta neno, P kuchapisha. X, C, V na Z zimepangana chini kushoto, karibu na Ctrl, hivyo mkono mmoja unatosha. Kwa wanaochapa Kiarabu, ikiwa lugha hiyo imewekwa kwenye kompyuta, Alt na Shift hubadilisha herufi, na katika Word, Ctrl pamoja na Shift ya kulia huyapanga maandishi yaanzie kulia. Jifunze kimoja kila wiki mpaka vidole vizoee.

Hata hivyo, tuna nasaha. Kunakili na kubandika kuliletwa na Larry Tesler na wenzake huko Marekani miaka ya 1970, ili mwandishi ahamishe maneno yake bila taabu. Sisi tumewahi kupokea insha tatu za sira zenye makosa yaleyale, hata nukta iliyokosewa. Huko si kuokoa wakati, ni kujidanganya nafsi. Na aya ya Qur'ani ikibandikwa, ilinganishwe na msahafu neno kwa neno, kwani irabu huweza kuharibika. Njia ya mkato ni ya vidole. Elimu haina mkato.

Wazazi, mkiwa na kompyuta nyumbani, waulizeni watoto wawaonyeshe. Dakika watakazookoa wazitumie kudurusu juzuu zao. Ctrl na Z hurudisha neno lililofutwa, lakini saa iliyopita hairudishwi na kitufe chochote.