Mashauri ya Nyumbani: Kileo na Ini la Mtoto

Wako wasemao kwamba pombe ya mtama humtia nguvu mwenye mimba. Sivyo. Mke wa Manoa alikatazwa kileo kabla ya kumzaa Samsoni. Kileo hupita kondo la nyuma, kikamfikia mtoto, ambaye ini lake changa haliwezi kukiondoa upesi. Mwaka 1973 waganga wa Seattle, Marekani, walieleza madhara yake katika sura na akili za watoto. Tena, wataalamu waliowapa kileo panya wenye mimba waliona maini ya wana wao yakilimbika mafuta, hata walipokuwa wakubwa.

Basi, mama uliyekwisha kunywa, acha leo. Kuacha hufaa siku yo yote. Nawe baba, usimletee mkeo kibuyu cha pombe. Mletee unga wa ulezi na samaki wa ziwani.