Kinga ya mitandao ya simu iwe sharti la leseni

Kampuni za simu zilazimishwe kuikinga mitandao yao dhidi ya mashambulizi ya kuifurikisha maombi bandia hadi ielemewe.

Katika Soko la Majengo, Dodoma, mzigo mwingi hulipiwa kwa simu. Mtandao ukielemewa, ujumbe wa muamala hauingii, muuzaji haachii gunia, na wakala wa pesa za simu hana la kufanya.

Hatari hii si ya kufikirika. Julai 2023 mfumo wa huduma za serikali wa eCitizen wa Kenya ulishambuliwa hivyo, na huduma ya pesa ya M-Pesa nayo ikayumba siku hizo hizo. Mwaka 2016 Mwingereza Daniel Kaye aliuelemea mtandao wa simu wa Lonestar wa Liberia kwa kutumia vifaa vya watu, zikiwemo kamera za ulinzi, alivyovidukua. Tena alilipwa na mtu wa kampuni shindani! Mwaka 2019 alihukumiwa miezi 32 jela.

Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 humwadhibu mhalifu akishapatikana. Haiwarudishii wateja siku iliyopotea. Kinachohitajika ni mitambo ya kuchuja maombi hayo mapema, na kampuni kupeana taarifa hata zikiwa zinagombania wateja.

Wenye dhamana ya kutoa leseni waweke viwango, wavikague kila mwaka na kutangaza matokeo hadharani, kuanzia mwaka huu wa fedha.