Tusimlaumu Mwenye Duka

Nimechoka kusikia wenzangu wa Same wakimlaani mwenye duka la risasi kila bei inapopanda. Eti kaficha mzigo! Afiche nini? Sisi wenye bunduki za marisau ni wachache, na wengine, kama mimi, ni wakulima tu tunaotimua nguruwe na nyani mahindini. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 hata kununua ni kwa kibali, na idadi ina kikomo. Huwezi kuweka akiba bei ikiwa nafuu, kama uwekavyo mahindi. Kwa hiyo duka huagiza kidogo. Mzigo mmoja ukichelewa, hakuna kitu.

Tena baruti ina wagombea wakubwa. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, viwanda vya Ulaya vilianza kuigombania kwa ajili ya mizinga, na risasi za wawindaji zikapanda bei huko huko zitokako.

Nchini tuna Shirika la Mzinga, Morogoro, tangu 1974. Maswali yetu yaelekee serikalini: risasi ngapi zitengwe kwa raia, na zifike lini wilayani? Mimi nataka kujua kabla ya kupanda.