Filta za Gari: Punguza Ujira wa Fundi, Usipunguze Ubora wa Filta

Katika mji wa Juba, kiangazi kinapopamba moto kati ya Desemba na Machi, vumbi huwa mgeni asiyebisha hodi. Huingia jikoni, hutanda juu ya vyombo, na mwenye nyumba aliyefagia asubuhi hana budi kufagia tena alasiri. Vumbi hilo hilo la mezani ndilo linalovutwa na injini ya gari lililoegeshwa uani. Tofauti yake ni kwamba meza hupanguswa kwa kitambaa, lakini injini iliyolikwa na vumbi haipanguswi. Hufunguliwa, na gharama yake huweza kumeza mishahara ya miezi mingi.

Juma hili tutazungumzia machujio ya gari, ambayo mafundi wote huyaita filta: namna ya kuyatafuta na namna ya kuyabadilisha kwa mkono wako mwenyewe. Askari wengi na jamaa zao wana magari yaliyokwisha kutumika, aghalabu ya Toyota, wanayoyategemea kuwapeleka watoto shuleni, kumfikisha mgonjwa hospitalini na kuongeza pato la nyumba. Tunasema hapa juu ya gari lako mwenyewe tu. Gari la umma lina karakana yake na daftari lake la matengenezo, na askari mwenye nidhamu hafungui boneti ya gari hilo ila kwa amri.

Kwanza tuangalie mahali nafuu ilipo. Sudan Kusini ilipata uhuru Julai 2011. Mwezi wa Desemba 2015 serikali iliacha kuishikilia thamani ya pauni yake. Dola moja ya Marekani, iliyokuwa ikibadilishwa kwa pauni zipatazo 3, ikafikia pauni 18 na zaidi kwa mpigo mmoja, na baada ya hapo pauni ikazidi kushuka. Filta hutoka nchi za nje na bei yake hufuata dola. Kwa hiyo anayelipwa kwa pauni hana uwezo mkubwa wa kuishusha bei ya kipuri chenyewe. Anachoweza kukipunguza ni ujira wa kukifunga, kwa kuwa kazi hiyo, kwa filta nyingi, haihitaji zaidi ya spana chache, uwanja ulio tambarare na saa moja ya utulivu. Kosa la wengi ni kufanya kinyume chake: humlipa fundi ujira wake wote, kisha hutafuta filta ya bei ya chini kabisa ili kufidia. Hapo ndipo hasara inapoanza.

INJINI HULA HEWA

Watu hudhani kwamba gari hula petroli au dizeli peke yake. Kwa hakika chakula chake kikubwa ni hewa. Ili kuunguza lita moja ya petroli, injini huvuta hewa ipatayo lita 9,000 hadi 10,000. Gari linalokwenda kilometa 10 kwa lita moja, likisafiri kilometa 192 za barabara ya Juba hadi Nimule, huwa limevuta hewa inayokaribia lita 180,000. Barabara hiyo ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012, na vumbi lake ni afadhali. Lakini katika njia za udongo za Gudele na Munuki, gari hufuata mkia wa gari jingine ndani ya wingu jekundu, na yote hayo hupita puani mwa injini.

Ndani ya udongo huo mna chembe za mchanga ambazo ugumu wake hushinda chuma cha silinda. Chembe hizo zikipenya hufanya kazi ya msasa: ringi za pistoni huchakaa, injini huanza kula oili, moshi wa buluu hutoka, na nguvu hupungua. Majeshi yaliyopigana katika jangwa la Afrika ya Kaskazini kati ya 1940 na 1943 yalipata funzo hilo kwa gharama kubwa. Injini za vifaru na malori zilichakaa upesi kwa mchanga, hata ikabidi magari mengine yaongezewe filta maalumu za nchi za joto na vumbi.

Gari la kawaida lina filta nne. Filta ya hewa huzuia vumbi lisiingie ndani ya silinda. Filta ya oili hunasa vichembe vya chuma na masizi vinavyozunguka pamoja na oili. Filta ya mafuta hutenga uchafu na, kwa magari ya dizeli, hutenga maji pia. Ya nne, iliyomo katika magari mengi ya miaka ya karibuni, husafisha hewa wanayovuta abiria; aghalabu hukaa nyuma ya kisanduku kilicho mbele ya abiria.

KUITAFUTA FILTA ILIYO SAHIHI

Magari ya Juba yamekuja kwa njia mbalimbali. Mengine yalitoka Japani kupitia Mombasa na Uganda, mengine yalitoka Dubai. Magari mawili yenye jina moja na umbo moja huweza kuwa na injini mbili tofauti. Kwa sababu hiyo usiende dukani na jina la gari tu. Fungua boneti, tafuta kibati cha mtengenezaji, unakili aina ya gari na aina ya injini, kwa mfano 1NZ au 1HZ. Kisha nakili namba iliyo kwenye filta ya zamani, ukiwa na hakika kwamba aliyeifunga hakukosea.

Namba za vipuri vya Toyota huwa na tarakimu au herufi kumi zilizogawanywa kwa kistari. Tano za mwanzo hueleza aina ya kipuri. Filta nyingi za oili za kufunga kwa kuzungusha huanza na 90915. Filta za hewa huanza na 17801. Za hewa ya abiria huanza na 87139. Tano za mwisho ndizo zinazotenganisha gari na gari. Muuzaji akikuambia kwamba zote ni sawa maadamu zinaingia, mshukuru uondoke. Filta ya oili inaweza kuingia barabara katika nyuzi zake, lakini vali yake ya ndani ikawa si ya injini yako.

Vipuri vingi hufika Juba kwa barabara kupitia mpaka wa Elegu na Nimule, na vingi hupitia maduka ya Kisekka mjini Kampala na ya Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi. Mwenye ndugu anayesafiri kwa basi aweza kumwagiza filta tatu au nne kwa pamoja, kwa kumwandikia namba kamili kwenye karatasi. Kuweka akiba kabatini si anasa. Mwaka 2021, madereva wa malori wa Uganda na Kenya waligoma kuingia Sudan Kusini baada ya wenzao kuuawa njiani, na mji unaolishwa na barabara hiyo ulionja uchungu wake.

Bidhaa za bandia zimejaa katika masoko yote ya Afrika Mashariki, na sanduku zuri si ushahidi. Itoe filta sandukuni kabla ya kulipa. Ya oili, chungulia katika vitundu vilivyouzunguka mdomo wake: lazima uone mpira mwembamba, laini, unaozuia oili isirudi chini injini inapozimwa. Mpira wa nje uwe laini na umekaa sawa. Ya hewa, hesabu mikunjo ya karatasi na kuilinganisha na ya zamani: ikiwa michache mno au imesambaa ovyo, iache. Bonyeza ukingo wake. Ukiwa mgumu kama plastiki hautaziba, na vumbi litapita pembeni. Rahisi huvunja upishi, nayo filta rahisi huvunja injini.

KAZI YENYEWE

Anza na filta ya hewa, kwa kuwa haina hatari. Fungua vibanio vya sanduku lake, itoe taratibu, kisha funika mdomo wa bomba liendalo kwenye injini kwa kitambaa safi. Pangusa sanduku kwa kitambaa kibichi. Usilipulize, maana vumbi litaruka na kuingia usikotaka. Ikiwa filta ya zamani bado ni nzima, waweza kuipuliza kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, kamwe si kutoka nje kwenda ndani. Usiioshe kwa maji wala petroli, wala usiipigepige sakafuni, maana hupinda. Kisha iweke mbele ya taa: ukiona nukta ya mwanga mkali, imetoboka na haifai tena. Kabla ya kufunga, pitisha kidole ndani ya bomba lililo baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panapovuja, na hata filta mpya haitakusaidia mpaka papatikane.

Ya oili hufuata. Washa injini dakika chache ili oili ipate uvuguvugu, kisha uizime. Egesha mahali tambarare, weka vigingi kwenye magurudumu, na usiingie kabisa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Fungua kizibo cha chini, oili itiririke katika beseni, kisha ufungue filta. Hapa kuna jambo moja linaloharibu injini nyingi: mpira wa filta ya zamani huweza kuganda kwenye injini. Ukifunga mpya juu yake, oili itafumka baada ya mwendo mfupi na injini itakauka. Hakikisha umetoka, pangusa mahali pake, paka oili safi kwenye mpira mpya, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana ni ya kufungulia, si ya kufungia. Rudisha kizibo, tia oili kwa kipimo cha kitabu cha gari, washa, na utazame taa ya oili: lazima izime baada ya sekunde chache. Zima, ngoja kidogo, kagua kama kuna panapovuja, kisha pima kwa kijiti.

Kwa wenye magari ya dizeli, hatari kubwa ni maji. Sudan Kusini huchimba mafuta ghafi na kuyauza nje, lakini petroli na dizeli zinazotumika Juba kwa sehemu kubwa huagizwa kutoka nje na kuletwa kwa malori. Vituo vinapokauka, mafuta huuzwa kando ya njia katika chupa na madumu ambayo hakuna ajuaye yalikuwa na nini jana. Mara kwa mara legeza kizibo kilicho chini ya filta ya dizeli, maji yatoke mpaka uone dizeli safi. Ukifunga filta mpya, ondoa hewa kwa kubonyeza pampu ya mkono iliyo juu yake hadi iwe ngumu.

Yako mambo ya kumwachia fundi. Filta ya petroli katika magari mengi ya sasa imo ndani ya tangi, na mvuke wa petroli hauna mzaha. Vilevile usilegeze mabomba ya nozeli za dizeli, kwa kuwa shindo lake huweza kupenya ngozi ya mkono.

OILI CHAFU NA DAFTARI

Oili iliyotolewa isimwagwe uani wala mtaroni. Familia nyingi za Juba hunywa maji yaletwayo na malori kutoka mto Nile, na cha mtaroni huishia mtoni. Ikusanye katika dumu lililoandikwa, uipeleke kwenye gereji inayoipokea. Dumu hilo lisitumike tena kwa maji wala kwa mafuta ya kupikia, hata likioshwa mara kumi.

Mwisho, nunua daftari la shule. Andika tarehe, kilometa, namba ya filta na bei yake. Kitabu cha gari hutaja ratiba mbili, ya mazingira ya kawaida na ya mazingira magumu. Juba ni ya pili, na kwa magari mengi hiyo ni kila kilometa 5,000 kwa oili na filta yake, na kuikagua ya hewa mapema zaidi wakati wa kiangazi. Mwite mwanao, wa kike au wa kiume, akushikie taa na kuandika. Baba akihamishiwa Torit au Wau na gari likabaki nyumbani, atakuwapo anayejua linahitaji nini, na fundi atakayekuja atakuta daftari mezani.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumzia betri na namna ya kuitunza wakati wa joto.