Risala ya Mtoto Isiandikwe na Mwalimu



Kila mwaka siku za mahafali zikikaribia, shule zetu za Morogoro hufagiwa, mawe ya njiani hupakwa chokaa, na maturubai hufungwa uwanjani. Wazazi hutoka Mgeta na Matombo, Kinole na Mkuyuni, wengine wakiteremka milimani na wengine wakipanda toka mabondeni, ili wawaone watoto wao. Mgeni rasmi hufika, nyimbo huimbwa, kisha mtoto mmoja husimama na karatasi mkononi kusoma risala. Hapo ndipo penye ugonjwa tunaotaka kuusema leo. Maana mara nyingi karatasi ile mtoto hakuiandika. Tumeiandika sisi waalimu. Tena pengine hata sisi hatukuiandika: tumenakili ya mwaka jana, tukabadili jina la mgeni na hesabu ya wahitimu, basi.

Twasema wazi kwamba desturi hii ni mbaya, na wenye kosa ni sisi. Mtoto hunyang'anywa maneno yake, wazazi hukaa juani kusikiliza yasiyowahusu, na shule haipati inachokiomba.

Haya hatukuyasikia kwa watu. Katika shule moja ya huku milimani, ambayo hatutaitaja, binti wa darasa la saba alisoma risala iliyoandikwa na mmoja wetu. Alisoma vizuri sana, hakukwama hata neno moja. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba shule ina "uhaba wa miundombinu ya maji," mgeni akamkatiza kwa upole, akamwuliza, "Mwanangu, maji mwachota wapi?" Binti akaitazama karatasi. Jibu halikuwamo. Akatutazama sisi. Uwanja mzima ukanyamaza. Naye ndiye aliyekuwa akiteremka kijitoni kila asubuhi na ndoo yake. Njia ile aijua hata gizani. Lakini alipoulizwa habari ya maji anayoyabeba kichwani mwake mwenyewe, hakuthubutu kusema neno ambalo mwalimu hakumwandikia. Mgeni akatikisa kichwa, risala ikaendelea. Siku ile tuliona haya, na hata leo twaona haya.

Angalieni jinsi tunavyojipinga wenyewe. Darasani twawafundisha watoto kwamba hotuba ni maneno ya mtu anayesema mbele ya watu, na risala ni ujumbe wa kundi, unaosomwa na mmoja wao kwa niaba ya wenzake. Twawafundisha utangulizi, kiini na hitimisho. Wakijibu sawasawa katika mtihani twawapa alama. Kisha ikifika siku ya kuitumia elimu hiyo mbele ya watu walio hai, twawapokonya kalamu. Ni kama fundi seremala amfundishaye kijana kuranda mbao miaka mingi, na siku ya kutengeneza kiti akamwambia, "Kaa kando, usije ukaniaibisha."

Wenzetu hutujibu kwamba watoto hawajui kusema na wakubwa. Sisi hatukubali. Watoto hawa wamekua wakiwasikia wajomba wakisema katika mabaraza ya ukoo, na watani wakitupiana maneno hata msibani. Wamemwona mshenga akipiga hodi. Je, mshenga aendapo kuposa, hupeleka haja kumi na tano? La. Huamkia, hueleza alikotoka, hutaja jina la binti mmoja, hungoja jibu. Risala nayo ni mshenga wa shule. Lakini sisi twamtuma mshenga wetu aombe madawati, vyoo, maji, umeme, uzio, nyumba za waalimu, tarakilishi na mipira, yote kwa pumzi moja, tukiyaita "changamoto." Mgeni naye hujibu kwamba amezisikia changamoto zetu na atazifikisha panapohusika. Hupanda gari lake, huenda zake. Asipokumbuka hata moja tumlaumu nani?

Wengine husema kwamba katika shule za sekondari risala sharti iwe ya Kiingereza, ili wazazi waone kwamba ada zao hazikupotea. Hao nao twawajibu kwa habari ya mwalimu mmoja. Mwezi wa Machi mwaka 1955, Julius Nyerere, ambaye siku zile alikuwa mwalimu wa Pugu, alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Shina la maneno yake lilikuwa moja: itambuliwe kwamba Tanganyika ni nchi ya Waafrika hasa, wala isitawaliwe kana kwamba Waafrika ni kundi moja tu miongoni mwa makundi. Alisema kwa Kiingereza, kwa kuwa waliomsikiliza walikijua Kiingereza. Aliporudi nyumbani aliwahutubia watu kwa Kiswahili. Hakuitumia lugha kama nguo ya sikukuu. Alitumia ile iliyofika masikioni mwa watu. Basi mama aliyetoka Kinole na mtoto mgongoni, aliyeuza ndizi na iliki ili kijana wake asome, akirudi nyumbani bila kufahamu hata neno moja alilosema mwanawe, tumemwonyesha elimu gani? Kiingereza na kifundishwe kwa bidii, nasi twakifundisha. Lakini siku ya wazazi ni siku ya wazazi.

Tena mwaka ule ule wa 1955 milima yetu yenyewe ilitoa fundisho chungu. Toka mwaka 1950 serikali ya Mwingereza ilikuwa na mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi mashambani mwao. Kazi ilikuwa nzito. Tena mahali pengi, kuchimba kule kuliufukia udongo mwema wa juu na kuutoa nje udongo wa chini usio na rutuba. Mwenye shamba aliyajua hayo kwa jembe lake. Lakini amri ilikuwa imekwisha kuandikwa na watu wengine. Mwisho ghasia zikazuka Matombo, mtu akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Hatusemi kwamba risala moja ingaliyazuia hayo. Twasema kwamba ni hatari kubwa wenye kujua wasiposikiwa na wenye kuamuru. Kwa hiyo uwezo wa kusimama mbele ya mkubwa, bila tusi na bila woga, na kumweleza jambo unalolijua, si pambo la sherehe. Mtoto asipojifunza shuleni, atajifunzia wapi?

Sasa pengine mtauliza, mtoto aandikeje? Njia tuliyoijaribu ni hii.

Kwanza, majuma matatu kabla ya siku yenyewe, kila mwanafunzi wa darasa linalohitimu aandike sentensi moja tu: ni kitu gani kimemzuia zaidi kujifunza? Sentensi zisomwe zote, kisha darasa lichague neno moja. Moja, si mawili. Mengine mwalimu mkuu atayaandika katika barua kwa ofisi inayohusika, maana barua hubaki mezani, lakini maneno ya uwanjani huchukuliwa na upepo.

Pili, wakahesabu. Tuseme wamechagua vyoo, na shule ina wasichana 160 na matundu 4. Kanuni ya nchi yetu ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Mtoto ajuaye kugawanya ataona mara moja kwamba wasichana 40 wanatumia tundu moja, na kwamba yamepungua matundu 4. Hapo hasemi tena "uhaba." Asema "manne." Mgeni aweza kulisahau neno uhaba kabla hajafika mjini, lakini manne yatamfuata. Tena akiulizwa swali, mtoto atajibu, kwa sababu alihesabu mwenyewe.

Tatu, waanze na jambo linaloonekana. Bwana wetu aliposema na wakulima, alisema habari za mbegu na magugu. Mtoto wa Uluguru akitaka kuomba maji, kwa nini aanze na maneno ya ofisini? Mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar es Salaam, hupata maji kutoka milima hii. Mto Morogoro nao huteremka mjini kutoka misitu yake. Basi mtoto aweza kuanza hivi: "Mgeni wetu, Dar es Salaam wanakunywa maji ya milima yetu. Sisi tunaokaa karibu na chemchemi twachelewa darasani kila siku kwa kwenda kuchota." Maneno hayo ni machache, wala hayana tusi, na mwenye kuyasikia hana budi kuinua uso.

Nne, salamu ziwe fupi. Amtaje mgeni, mwalimu mkuu, wazazi na wenzake, yatosha. Tumesikia risala ambazo vyeo peke yake vilimaliza dakika nne, ndipo msomaji akasema "itifaki imezingatiwa." Yote kwa pamoja isizidi dakika tano, ambazo ni kama maneno mia tano yakisomwa bila haraka. Shukrani ziwe za kitu kilichotendeka: aliyechimba msingi, aliyepika uji, aliyefundisha hesabu jioni bila malipo. Shukrani ya jumla kwa watu wote haimgusi mtu yeyote.

Tano, kabla ya siku ile, risala isomwe kwa sauti chini ya mti, mbele ya mzee mmoja wa kijiji asiyezoea vitabu. Kila neno atakalouliza maana yake lifutwe, liwekwe la nyumbani. Na atakayesoma uwanjani awe mmoja wa walioandika, wala si lazima awe kiranja. Sentensi ya kwanza na ya mwisho azijue kwa moyo, ili aziseme akiwatazama watu usoni.

Kazi ya mwalimu basi ni ipi? Ni kuuliza, "Una hakika? Umehesabu?" Ni kusahihisha herufi, kuzuia matusi, na kukata maneno yaliyozidi. Kazi hiyo si ndogo. Lakini kalamu ibaki mkononi mwa mtoto. Akikosea kidogo mbele ya watu, hakuna aliyekufa kwa hilo. Musa mwenyewe alikuwa mzito wa ulimi, na Mungu alimtuma vivyo hivyo. Atakayetuambia kwamba majuma matatu ni mengi, twamwuliza: majuma mangapi hutumika kufundisha gwaride na nyimbo za siku ile ile?

Imebaki hoja moja, ambayo waalimu hatuisemi kwa sauti. Twaogopa. Twaogopa kwamba mtoto akiachiwa, atasema kwamba vipindi vingine havikufundishwa, au kwamba fimbo zilizidi, au kwamba mahindi ya shamba la shule hawakuyaona. Naam, aweza kuyasema. Na kama ni kweli, je, ubaya uko katika risala au katika shule? Wazee husema mficha uchi hazai. Mwalimu asiyetaka kusikia neno lile uwanjani analo dawa iliyo rahisi: alisikie mapema darasani, katika sentensi zile za kwanza, akalitengeneze. Huenda hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, kwamba shule itajisikia yenyewe kabla mgeni hajafika.

Nanyi wazazi, msituachie kazi hii peke yetu. Mtoto akirudi nyumbani na kusema kwamba amechaguliwa kusoma risala, msimshonee nguo tu. Mwulizeni, "Umeandika nini?" Akiwajibu kwamba mwalimu ataileta, njoni shuleni mtuulize sababu. Mna haki.

Tusije tukaivunja sheria yetu wenyewe kwa kuomba mambo mengi, twaomba neno moja tu. Mwalimu mwenzetu, risala ya mwaka jana ingali katika kabati lako. Mwaka huu usiitoe. Mpe mtoto karatasi tupu.